Stika za ukutani kwenye kuta zenye kasoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi tunachapa na kubandika stika, na haya ndiyo maswali tunayoulizwa mezani, kwenye simu na WhatsApp, mara nyingi yakiambatana na picha ya stika iliyokunja kona. Wengi wanafika wakiulizia bei ya mita ya mraba. Sisi tunaanza kwa kuulizia ukuta. Mwenye haraka asome swali la 5, kisha aruke hadi la 25.

## Mambo ya mwanzo

1. Mbona stika ya gari inakaa miaka, na ya ukutani imebanduka wiki ya pili?

Kwa gundi, bati la gari na ukuta wa nyumba ni vitu viwili tofauti kabisa. Bati lina rangi ngumu iliyokaushwa kwa joto, laini kama kioo. Haliachi unga wala halinywi maji, kwa hiyo gundi inalishika lote. Ukuta una vinundu, basi gundi inagusa vilele na kuacha mabonde. Una vumbi la rangi, basi gundi inashika vumbi. Na mara nyingi una maji ndani yake yanayotafuta pa kutokea.

Geuza mgongo wa stika iliyoanguka, utaona kisa chote. Ukikuta unga mweupe, ujue stika iliishika rangi vizuri, ila rangi yenyewe haikuushika ukuta. Ukikuta mabamba ya rangi na skimu (ile plasta nyembamba ya kulainisha ukuta), ni yale yale. Mgongo ukiwa safi na bado unanata kwa kidole, basi gundi ilikataliwa na rangi ya aina ile (swali la 7) au vinundu viliinyima pa kugusa (swali la 10). Mteja akituletea stika iliyoanguka, tunatazama mgongo kabla ya kusikiliza hadithi.

2. Vinaili ziko za aina ngapi, na kwa nini bei zinapishana hivyo?

Vinaili, ambayo ndiyo inayotengenezewa stika hizi, ni plastiki ya PVC iliyotiwa vilainishi. Bei inatokana na namna ilivyotengenezwa, na njia rahisi ya kuelewa ni kufikiria chapati.

Vinaili nyingi za bei nafuu na ya kati ni chapati za kusukuma: plastiki ya moto inapitishwa kati ya roli mpaka iwe nyembamba. Unajua donge la chapati linavyofanya ukishalisukuma, linataka kurudi. Vinaili hii nayo inakumbuka ilivyovutwa, na ikipata joto inasinyaa. Ndani ya kundi hili kuna monomeriki, ambayo kilainishi chake kinatoka mapema na kuiacha ikakamae, na polimeriki, ambayo kilainishi chake kinakaa zaidi na kusinyaa kwake ni kidogo.

Kasti ni chapati ya maji. Plastiki inamwagwa ikiwa uji juu ya karatasi maalumu, inapita kwenye oveni, inaganda bila kuvutwa na mtu. Haina cha kukumbuka. Ni nyembamba, kwenye mikroni 50 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja), wakati zile za roli ziko kati ya 70 na 100 mara nyingi. Wembamba na ulaini huo ndio unaoifanya ifuate umbo la ukuta na ikae hapo hapo.

Kwa tangazo la ndani la miezi michache kwenye ukuta ulionyooka, monomeriki inatosha, usipoteze hela. Kwa ofisi au duka linalotaka miaka kadhaa, chukua polimeriki. Ukuta wenye vinundu vya kweli ni kasti au usibandike.

3. Nene si ndiyo imara zaidi?

Kwenye ukuta ulionyooka, unene unasaidia kidogo: unaficha chembe ndogo ndogo na fundi anaishika kwa urahisi bila kujikunja. Kwenye ukuta wenye mabonde mambo yanageuka. Vinaili nene ni kama kadibodi, ukiikandamiza bondeni inainuka taratibu usiku ukiwa umelala. Asubuhi unakuta ngozi iliyotuna kila penye tundu. Mafundi wanasema "imesimama hema".

4. Gundi ya kudumu, ya kutoka, na ile kali: nichukue ipi?

Gundi ya kutoka imetengenezwa ishike kwa kiasi ili baadaye ibanduke bila mabaki. Wanaokata herufi wanaijua vinaili ya ORACAL 631, ambayo haing'ai na gundi yake ni ya aina hiyo. Ni nzuri kwenye ukuta laini wenye rangi iliyoshika sawasawa. Kwenye vinundu haina nguvu ya kutosha.

Gundi ya kudumu ndiyo ya kawaida kwenye stika nyingi za kuprinti. Gundi kali ni tabaka nene zaidi linaloingia hadi kwenye vishimo vidogo, na siku ya kuitoa hesabu kabisa kwamba itaondoka na rangi.

Kosa tunaloliona kila mwezi ni mtu mwenye ukuta wa vumbi kuomba gundi kali akidhani itashinda. Itashika vumbi kwa nguvu zaidi, kisha vyote viwili vitaanguka pamoja.

Jambo jingine: gundi hizi hazifikii nguvu yake papo hapo. Zinaendelea kushika kwa saa 24 hadi 72. Mtoto akianza kuchokonoa kona jioni ile ile uliyobandika, atashinda.

## Ukuta wako

5. Nitaupimaje ukuta kabla ya kutoa hela?

Pitisha kiganja. Kikirudi cheupe kama umeshika unga wa ngano, rangi imechoka au ni chokaa, na haibandikiki kitu hapo mpaka ifanyiwe kazi.

Halafu chukua selotepu pana, kata kipande cha urefu wa kiganja, kikandamize vizuri kwa ukucha, kisha king'oe kwa mvuto mmoja wa haraka. Kitazame kwenye mwanga. Kikiwa safi, rangi imeshika. Kikija na madoa ya rangi, ukuta unahitaji kukwanguliwa na kupakwa praima (koti la kwanza la kushikisha rangi). Rudia sehemu tatu: karibu na sakafu, katikati, na chini ya dirisha. Ukuta mmoja unaweza kuwa na tabia tatu.

Kujua unyevu, kata kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, kizibe pande zote nne kwa tepu, ukiache usiku kucha, angalau saa 16. Ukikuta umande kwa ndani au ukuta umebadilika rangi, ukuta unatoa maji.

Mwisho omba kipande cha vinaili ile ile utakayochapiwa, pamoja na wino wake, ukibandike penye kona mbaya kuliko zote. Siku moja ni kipimo cha chini, wiki moja ni bora. Hatuchaji kipande hicho, na tuna sababu. Mwaka mmoja tulibandika twiga kwenye ukuta wa shule ya chekechea, kutoka sakafuni hadi dari, bila kujaribu chochote kwa sababu ukuta ulionekana mpya. Kichwa kilianza kuinama siku ya nne. Kufikia Ijumaa shingo yote ilikuwa imelala juu ya kabati la vitabu na watoto walikuwa wanampa pole. Tulichapa upya kwa gharama yetu.

6. Nimepaka rangi juzi. Nibandike lini?

Subiri wiki tatu hadi nne. Rangi ya maji inakauka mkononi kwa saa chache, lakini ndani yake inaendelea kutoa mvuke na viyeyusho kwa wiki kadhaa. Ukiifunika na plastiki, mvuke huo unakusanyika nyuma ya stika na kuleta vipovu, au unalainisha gundi. Rangi ya mafuta usiiharakishe kabisa.

Plasta mpya ya saruji nayo inataka si chini ya siku 28 kabla hata ya kupakwa rangi, kisha ndipo uanze kuhesabu zile wiki za rangi. Ndiyo, kwa duka linalofunguliwa Jumamosi hii ni habari mbaya. Nenda swali la 25.

7. Rangi yangu ni ya kuoshwa, haishiki uchafu. Si ndiyo nzuri zaidi?

Hapana, na hili linawashangaza wengi. Rangi isiyoshika uchafu imewekewa viungo vya kuteleza ili tope na mchuzi visigande. Gundi nayo kwake ni uchafu tu. Stika itakaa siku mbili tatu ikiwa imenyooka kabisa, kisha itaachia kuanzia juu, mgongo safi kama mpya.

Ukitaka kujua bila kusoma kopo, nyunyizia matone machache ya maji ukutani. Yakisimama kama shanga, kuwa na wasiwasi. Yakitandaa, afadhali. Rangi rafiki kwa stika ni ile ya kung'aa kiasi, silki ya kawaida isiyo na maneno ya kujisafisha yenyewe. Rangi iliyofifia kabisa ya bei ya chini nayo ni tatizo, kwa sababu ya unga (swali la 5).

Suluhisho ni kupiga msasa mwepesi kuua utelezi, kufuta vumbi, na kupaka praima au koti moja la rangi ya kawaida. Kisha kusubiri kama swali la 6.

8. Chini ya ukuta rangi inavimba na kutoa chumvi nyeupe. Stika itaficha?

Itaficha kwa mwezi mmoja. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi, yanapofika usoni mwa ukuta yanakauka na kuacha ule unga mweupe. Kuta nyingi za Dar es Salaam na pwani nzima zinafanya hivi, hasa zilizojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Ukibandika plastiki hapo, maji hayaachi kupanda. Yanapanda juu zaidi, na ile mita ya ukuta iliyokuwa nzima jana inaanza kuvimba nayo.

Anzisha picha juu ya mstari wa unyevu, au tumia kitu kilichoachana na ukuta. Ukungu mweusi ni habari hiyo hiyo: safisha, tafuta maji yanatoka wapi, rekebisha, halafu ndipo tuongee.

9. Jengo letu ni la mawe na chokaa, la zamani. Inawezekana?

Moja kwa moja ukutani, tunakataa. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na uzima wake unatokana na kupumua: unyevu unaingia na kutoka wenyewe. Plastiki inaziba pumzi hiyo. Halafu chokaa inatoa unga, kwa hiyo hata stika yenyewe haidumu. Utaharibu ukuta wa vizazi kwa tangazo la msimu mmoja.

Miji hiyo miwili iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, na mabadiliko ya uso wa jengo yana taratibu zake. Ulizia kibali kwanza. Kwa ndani, chapa kwenye kitambaa, kivutie kwenye fremu ya mbao, uitundike ukiacha nafasi ya vidole viwili nyuma ili hewa ipite. Kwenye ukuta wa namna hii kitambaa kinapendeza kuliko stika, tena sana.

10. Ukuta wangu ni rafukasti (lipu ya kurushia yenye uso wa kukwaruza), au bloku tupu, au tofali za kuchoma.

Tuzitenganishe.

Bloku au tofali zilizopakwa rangi, uso wake mgumu, haudondoshi mchanga: inawezekana kwa kasti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya 3M, kwa mfano, ina vinaili ya IJ8624 kwa kuta zenye vinundu. Haibandikwi kwa skwiji (kile kibao bapa cha kusukumia hewa) peke yake. Fundi anaibandika kijuujuu, kisha anachukua hitigani, ile mashine ya mkono ya kupuliza hewa ya moto, mkono wa pili ana rola ya sponji ngumu. Anapasha sehemu ndogo kama sahani mpaka vinaili inalegea na kuanza kumeta, hapo hapo rola inapita na kuisukuma ndani ya mabonde. Ukitazama kwa karibu unaona umbo la ukuta likijitokeza, kama kitambaa kibichi kilichotupwa juu ya mawe. Moto ukizidi inatoboka. Ukipungua inasimama hema. Mita moja ya mraba inachukua muda mrefu, kwa hiyo bei ya fundi inaweza kuzidi bei ya vinaili, usishangae.

Bloku tupu isiyo na rangi inywe kwanza praima na koti mbili za rangi ya kung'aa kiasi, ili vishimo vifunge na mchanga utulie.

Mistari ya udongo kati ya tofali ikiwa imezama sana hata kidole kinaingia, piga lipu au achana nayo. Rafukasti ya kokoto zenye ncha, hapana. Hakuna vinaili ya kufuata ncha hizo, na anayekuahidi hatakuwepo ikianza kupasuka.

11. Nyufa na matundu ya misumari je?

Ziba, piga msasa, paka praima penye kiraka. Watu wanasahau hilo la mwisho: skimu tupu inakunywa gundi, na kiraka kinakuwa cha kwanza kuinuka.

Ufa unaofunguka na kufunga (upime kwa kuchora mstari wa penseli mwisho wake na kurudi baada ya mwezi) utaipasua stika au kuikunja, hata iwe ya bei gani.

12. Vigae vya jikoni na bafuni?

Kigae chenyewe kinashika vizuri, kimeng'aa na hakinywi maji. Shida ni mifereji kati yake, kwa sababu hewa na mvuke vinapita humo chini ya stika. Ama kata vipande kigae kwa kigae, ama jaza mifereji iwe sawa na uso. Karibu na jiko la gesi acha kabisa.

13. Jipsamu bodi?

Nzuri, kama imepigwa praima kabla ya rangi. Kama haikupigwa, siku ya kutoa stika utatoka na karatasi ya bodi.

## Picha na uchapaji

14. Ya kung'aa au isiyong'aa?

Isiyong'aa. Kwa ukuta wenye kasoro hatubishani. Uso unaong'aa unarudisha mwanga wa taa na dirisha, na kila kinundu kinapata kivuli chake. Ukuta uliokuwa na kasoro tano mchana unakuwa na hamsini taa zikiwashwa.

15. Mchoro wa namna gani unaficha ukuta mbaya?

Wenye mambo mengi: majani, umati wa watu sokoni, mawimbi, khanga zilizopangwa. Jicho linashughulika na picha na kusahau ukuta. Unaoumbua ni rangi moja tupu iliyoenea, hasa nyeupe, nyeusi na zile za taratibu zinazofifia kutoka rangi moja kwenda nyingine.

Mistari iliyonyooka nayo ni hatari kwa sababu nyingine. Kuta zetu nyingi haziko wima kabisa, na dari haiko sawa na sakafu. Ukichapa mistari ya kulala, pengo la sentimita mbili kati ya upande mmoja na mwingine litaonekana toka mlangoni. Ongeza sentimita tano za picha kila upande, fundi atakata ukutani kufuata dari ilivyo. Pima upana sehemu tatu na urefu sehemu tatu, utume vipimo vyote sita. Kipimo kimoja kilichopimwa kwa hatua za miguu hatukipokei tena.

16. Ukuta wetu una maandishi ya zamani. Yataonekana nyuma?

Kwa vinaili nyeupe ya kawaida, ndiyo, hasa maandishi meusi au mekundu. Omba ile yenye gundi ya kijivu, mgongo wake haupitishi mwanga. Au paka koti moja la rangi nyeupe, ambalo mara nyingi ni rahisi zaidi, ila usisahau wiki za kusubiri. Gundi ya kijivu haifichi unene wa rangi ya zamani: maandishi ya brashi yaliyotuna yatasomeka kama muhuri. Piga msasa kwanza.

17. Mashine imemaliza kuchapa. Kwa nini mnaniambia nirudi kesho kutwa?

Mashine nyingi za mtaani zinatumia wino wa eko-solventi. Viyeyusho vilivyomo vinahitaji saa 24 hadi 48 vitoke, roli ikiwa imefunguliwa hewani. Ikifungwa kwa plastiki au kubandikwa mapema, viyeyusho vinashuka hadi kwenye gundi na kuilainisha, pembe zinajikunja. Wino wa lateksi, unaokaushwa kwa joto ndani ya mashine, unatoka mkavu. Wa UV, unaokaushwa kwa mwanga wa taa, pia, ila tabaka lake ni kavu na gumu, likivutwa sana kwenye vinundu linaweza kupasuka. Anayekuchapia na kukubandikia siku hiyo hiyo, muulize anatumia wino gani.

18. Niweke laminesheni, ule utando wa plastiki wa kulinda picha?

Ukuta wa ndani usioguswa hauhitaji. Ukumbi wa shule, ngazi, mgahawa: weka, isiyong'aa. Juu ya vinundu, laminesheni lazima iwe nyembamba ya kasti kama vinaili yenyewe, au uache kabisa. Ya kawaida inaongeza ukakamavu, na umerudi kwenye swali la 3.

## Kubandika

19. Ukuta nausafisha kwa kitu gani?

Fagia vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ukauke usiku mzima. Siku ya kazi pitisha kitambaa kisichoacha nyuzi chenye alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ijaribu kwanza pembeni isije ikalainisha rangi. Sabuni inaacha utando. Mafuta ya taa yanaacha mafuta na hakuna gundi itakayoshika hapo. Petroli na thina vinayeyusha rangi, achilia mbali hatari ya moto.

20. Fundi wangu ananyunyiza maji ya sabuni ili stika iteleze. Ni sawa?

Kwenye kioo, sawa. Ukutani, hapana. Kioo hakinywi maji, yanasukumwa yote nje kwa skwiji. Ukuta unayanywa, kisha unayarudisha nyuma ya stika. Kwa ukuta ni mkavu tu: funua karatasi ya mgongo kidogo kidogo kuanzia juu, wawili mkiwa mmeshika, skwiji ikitoka katikati kwenda pembeni. Vipande vilaliane kama sentimita moja hadi mbili. Ukivigusanisha tu ukingo kwa ukingo, vikisinyaa kidogo utaona mstari wa ukuta kati yake.

21. Vipovu na kona zinazoinuka natibu vipi?

Kipovu kidogo kitoboe kwa sindano pembeni, sukuma hewa kwa kidole kuelekea tundu. Vipovu vingi vinavyorudi kila siku ni mvuke wa ukuta, hapo sindano haisaidii. Kona ikiinuka, ipashe kwa draya ya nywele, ikandamize, kisha ikate iwe mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo inayoanza siku zote. Usiitie supagluu: inakakamaa, inaacha doa, na vinaili inapasuka pembeni yake.

22. Masika ni wakati mbaya?

Kwa kuta za nje, ndiyo, kati ya Machi na Mei tunaahirisha. Ukuta ulionyeshewa unaweza kuonekana mkavu usoni na bado una maji ndani. Kwa walioko Iringa, Njombe au Limuru, tatizo ni baridi: vinaili nyingi hazitaki kubandikwa chini ya nyuzi 10 hivi, na ukuta una baridi kuliko hewa. Subirini saa tano asubuhi.

## Kesi za pembeni

23. Boksi limeandika miaka mitano. Mbona yangu imefifia mapema?

Soma maandishi madogo. Watengenezaji wengi wa Ulaya wanahesabu miaka hiyo kwa uso ulio wima katika hali ya hewa ya Ulaya ya kati. Jua la Mwanza au Mombasa si lile. Isitoshe, mara nyingi namba ile ni ya vinaili tupu, na wino una umri wake, mfupi zaidi bila laminesheni. Ukuta wa nje unaotazama magharibi ndio unaoumia kuliko yote, kwa sababu unapigwa jua la alasiri ukiwa tayari umepata moto.

24. Nimepanga. Nitaitoaje bila ugomvi na mwenye nyumba, na naweza kubandika nyingine juu yake?

Chukua gundi ya kutoka, lakini jua kwamba ahadi yake inategemea rangi ilivyoshika. Fanya kipimo cha selotepu cha swali la 5 mbele ya mwenye nyumba ikiwezekana, na upige picha. Siku ya kutoa, pasha kwa draya, anza kona ya juu, vuta polepole ukiirudisha juu ya nafsi yake, usiivute kuja kwako. Ikiwa imekaa miaka, hata gundi ya kutoka imekomaa.

Kubandika juu ya ya zamani hatushauri. Mpya inashika zamani, na zamani imeshachoka. Uzito na msinyao wa zote mbili unabebwa na gundi ile iliyozeeka.

25. Ni lini mnaniambia nisibandike kabisa?

Ukuta ukitoa maji, chumvi au mchanga, rafukasti kali, chokaa, rangi yenye umri wa siku tatu, na popote ambapo kuutengeneza ukuta kutagharimu kuliko picha yenyewe. Pia njia nyembamba za kutokea wakati wa moto: PVC ikiungua inatoa moshi wenye tindikali, na hatutaki ukuta mzima wa hiyo kwenye ngazi pekee ya jengo.

Badala yake, tunabandika stika ile ile juu ya foreksi (bodi ya plastiki) au alukobondi (bodi ya plastiki iliyofunikwa kwa alumini pande zote mbili), kisha bodi inafungwa ukutani kwa skrubu na vipande vya kuiachanisha na ukuta. Vinaili inapata uso mzuri, hata ile ya bei nafuu inafanya kazi, na ukihama unahama nayo. Kwa shughuli ya wiki moja, bango la kawaida lenye vijicho vya chuma pembeni linatosha, nusu saa limefungwa.

Na kwa ukuta wa nje wa rafukasti, mtafute mchoraji wa mabango. Brashi yake inaingia kwenye kila tundu ambalo vinaili haifiki, na ikifika masika hakuna kona ya kuinuka. Tunawafahamu wawili watatu hapa mtaani. Ukituuliza mezani tutakuelekeza, na kwa kazi hiyo sisi hatuchukui chochote.